Nyumba Mbili Nyeupe za Mkokoni

Jumatatu, 6 Agosti 2001

Padre amesema kabla ya Kupalizwa Mbinguni kila mtu aandike dhambi zake, asije akazisahau kwenye maungamo. Shule mimi sikuiona, kuandika nilifundishwa ukubwani, kwenye kisomo, pale godauni la mkonge. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi. Zangu sizioni. Naandika za wenzangu.

Ya kwanza ni ya Imakulata, mjukuu wangu, mtoto wa Rafaeli. Amesema akishasali Kupalizwa anaondoka. Anakwenda Mombasa na rafiki yake Chiku, kuna hoteli inatafuta wapishi. Karatasi ya kuvukia mpaka wa Horohoro anayo tayari. Ameificha chini ya sahani za wageni, mahali ninapopangusa mimi kila siku. Hata kuficha hajui, atakaaje Mombasa?

Nikamwuliza hapa Mkokoni pana ubaya gani. Akasema, bibi, hapa pana nini? Nikamgombeza kwa habari ya kuku.

Mkonge ulipokufa na shamba likauzwa, baba yake alikwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani. Alisema anakwenda mwezi mmoja. Mpaka leo. Marehemu mume wangu Asheri alikuwa Mlutheri lakini mtu mzuri, naye yuko makaburini. Amebaki huyu. Huyu simtoi.

Akipata kazi hapa hatakwenda. Anachojua ni kupika. Na wenye fedha ya kula chakula cha kupikiwa ni wazungu wa mashua za starehe wanaotia nanga hapa kwetu mara mojamoja. Nao wakishuka, wote, utadhani wamepigiwa mbiu, huenda kula kwa jirani yangu Nurbanu.

Dhambi ya pili, Nurbanu.

Jumatano, 8 Agosti 2001

Nane Nane. Wakulima wanasherehekea. Muhogo wangu umeliwa na nguruwe, sisherehekei.

Amekuja kijana kutoka mjini, anaitwa Edgar. Ameniamkia shikamoo angali ndani ya mtumbwi, kisha akatapika. Shikamoo nikaipokea, hayo mengine nikaiachia bahari.

Kazi yake ni hii. Kuna mwongozo wa bandari ndogondogo za mashua, umo kwenye kompyuta, kwenye intaneti, na dunia nzima inausoma. Wenyewe wako Ulaya. Wamemtuma Edgar apite pwani yote kutoka mpakani Horohoro mpaka Pangani, aangalie kama yaliyoandikwa ni ya kweli na kama yanaeleweka. Zamani alikuwa karani, akapunguzwa kazini pamoja na wenzake. Sasa anashinda kwenye duka la intaneti, na bahari anaiogopa kama ninavyoiogopa mimi. Nikampenda palepale. Nikampa bada, ugali wetu wa muhogo, kwa mchuzi wa changu.

Akanisomea ya Mkokoni. Maji: mfereji uko gatini, matamu. Mfereji ule ulikauka kabla Imakulata hajazaliwa, na mashine yake iliuzwa chuma chakavu. Vinywaji: klabu ya shamba la mkonge, bia baridi. Klabuni wanalala mbuzi. Wenyeji: wapole. Nikamwambia hapo aongeze, isipokuwa mmoja.

Kisha akasoma hili. Ukiingia, iweke nyumba nyeupe chini ya dohani ya kiwanda cha mkonge, uje moja kwa moja.

Nikaweka bakuli chini. Nyumba nyeupe ni ya Nurbanu! Ndilo lile duka la marehemu mumewe, Zainuddin, na dohani, lile bomba refu la moshi, iko nyuma kule kilimani inatazama kila mtu. Kumbe ndiyo maana. Dunia nzima inaambiwa nenda moja kwa moja kwa Nurbanu. Na yeye miaka yote ananiambia wateja ni riziki tu, Bibiana, humpata aliyeandikiwa. Kumbe kaandikiwa kweli, tena kwa kompyuta.

Lakini Edgar alikuwa na huzuni. Alipokuwa baharini nyumba nyeupe hakuiona. Sikushangaa. Tangu Zainuddin afe haijapakwa rangi, imeota kuvu, ya kijani kama chura. Akasema bandari ambayo alama yake haionekani inafutwa. Ikifutwa hakuna mashua itakayokuja tena, hata ya kupotea.

Moyo ukashuka mpaka kwenye kandambili. Nikamwuliza, ni lazima iwe nyumba ile? Akaitazama karatasi yake. Akasema hapa imeandikwa nyumba nyeupe tu.

Nikamwambia arudi Ijumaa, ukungu utakuwa umeondoka ataiona. Ukungu haukuwepo.

Ijumaa, 10 Agosti 2001

Nurbanu amekwenda mjini kwenye harusi ya mpwa wake Nilofer. Ameniachia ufunguo wa banda la kuku. Ananiamini. Nayo hiyo niiandike kwenye zake.

Chokaa anayo Methusela, fundi wa mashua, huichanganya na mafuta ya papa akazibia mbao. Nikamwambia nataka kulipaka kaburi la Asheri. Akatoa debe zima. Akafuta macho, walikuwa wakicheza bao pamoja.

Tumepaka nyumba yetu, mimi na Imakulata. Nimemwambia ni kwa ajili ya sikukuu. Chokaa imetosha upande wa baharini peke yake, upande wa barabarani umebaki udongo, lakini barabarani hapiti mzungu. Mikono imenibabuka mpaka kwenye viwiko. Imakulata alipanda juu ya pipa akaanza kuimba. Kuimba, mtoto huyu! Nilikuwa sijamsikia tangu shamba lifungwe. Nikawa nachovya ufagio polepole ili kazi isiishe.

Edgar amefika jioni, kajifunga taulo usoni asiyaone mawimbi. Alipolifungua akasema, kumbe ile pale. Nikasema si nilikwambia ukungu. Akatoa kamera. Nikasimama mlangoni nikavaa uso wa kanisani, akaniomba nisogee, mwongozo hautaki watu.

Kisha yakaja maswali yake. Je, mwongozo ni rahisi kutumia? Nitoe alama, moja mpaka tano. Nikamwuliza wengine wanatoa ngapi, nisije nikaonekana mchoyo. Nikatoa tano. Je, ni sahihi? Nikasema tangu leo, ndiyo.

Jumapili, 12 Agosti 2001

Nurbanu amerudi na hina mikononi. Alisimama mbele ya nyumba yangu. Akasema, Bibiana, umejijengea kaburi ukalitia na mlango.

Nikamwambia, Mama Aslam, sema tu umeona wivu, nitakuelewa.

Akasema wivu wa nini, wa udongo? Akaniuliza kama nilimshauri mtu yeyote wa bahari kabla sijapaka. Nikasema nyumba yangu iko nchi kavu. Akasema nitaua watu. Nikasema chakula cha Imakulata hakijaua mtu, cha kwake yeye ndicho kilichompeleka Mjerumani mmoja hospitali ya Bombo. Akageuka akaenda zake, hata ufunguo wa kuku hakuuchukua. Magharibi nikaenda kuwafungia mwenyewe. Kuku wana kosa gani?

Edgar ametuma salamu kwa dereva wa gari la mkaa. Picha imeshaingia. Nyumba yangu imo duniani.

Jumatano, 15 Agosti 2001

Kupalizwa. Nimeungama dhambi za Nurbanu zote, kwa mpangilio. Padre akasema, na zako, mama? Nikasema padre, foleni ni ndefu.

Mashua hakuna. Nimetazama bahari mpaka macho yakatoa machozi. Imakulata amefunga begi. Chiku amekuja kumwita, amesimama uani anatafuna muwa kama mtu asiyemwibia mtu mjukuu.

Hapo nikatumia mguu. Nilianguka kizingitini, nikashika goti, nikaita watakatifu. Imakulata akalifungua begi, akatoa kanga akanifunga. Kanga ile hakuirudisha begini. Amemwambia Chiku atangulie. Nimemshukuru Mungu kwa kunipa magoti.

Nurbanu akaja na mafuta ya karafuu. Akanikanda kwa nguvu zake zote, na yule ni mwanamke aliyelelewa kwa kubeba magunia ya sukari. Nikapiga kelele za kweli. Imakulata alipotoka kuchota maji, Nurbanu akainama akaniambia kwa sauti ndogo, mguu uliofungwa kanga ni wa kulia, na wewe ulipokuwa unakwenda chooni ulichechemea wa kushoto.

Akaendelea kukanda. Kisha akasema mwanawe Aslam yuko Kanada, anapiga simu Idi kwa Idi. Siku aliyoondoka yeye alisimama mlangoni amejipaka wanja, akampungia mkono kama mjinga. Hakuwa na akili ya kuanguka.

Mtoto aliporudi na maji, Nurbanu akamwambia mguu wa bibi yako si wa mchezo.

Ijumaa, 17 Agosti 2001

Asubuhi, maji yametoka, wanawake wa pweza wako mwambani. Imakulata anakuna nazi. Nikaiona mashua. Ya wazungu, nyeupe, na inakuja kwangu. Si kwa Nurbanu, kwangu, imenyooka kama imechorwa kwa rula.

Nikausahau mguu. Nikakimbia mpaka pwani, nikavua mtandio nikapunga. Nurbanu naye katoka barazani kwake, anapunga mikono yote miwili na kupaza sauti kuwafukuza. Nikasema moyoni, leo umeumbuka. Nikapunga zaidi.

Mashua ikasimama. Haikupunguza, ilisimama tu, na mlingoti ukaendelea kwenda mbele peke yake kisha ukarudi. Sauti ikaja baadaye, kama kabati la sahani limeanguka. Mama wa kizungu alikuwa amesimama, mara hayupo. Mzee wa kizungu akainuka ameshika uso. Damu niliiona nikiwa nchi kavu.

Wanawake wa pweza walikimbia na vijiti vyao. Imakulata aliwapita wote, maji kiunoni, mbuzi ya nazi ameiangusha mchangani.

Mimi nilikaa chini. Miguu ilikuwa inaniuma yote miwili, na safari hii sikuwa nimeiomba.

Nurbanu akaja akakaa ubavuni kwangu. Akasema, Bibiana, ulidhani Zainuddin alikuwa anapenda rangi nyeupe? Mwamba huu una mlango mmoja. Nyumba yangu ikikaa chini ya dohani, uko mlangoni. Yako ikikaa chini ya dohani, uko juu ya jiwe. Alikuwa akiipaka kila mwaka kwa ajili ya mashua za mkonge zisipotee. Wateja alikuwa na kibao chao.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia hayo Jumapili. Akasema nilikwambia utaua watu. Nikasema hukusema kwa njia gani.

Wako hai. Mzee kipaji cha uso kimepasuka, mama kavunjika mkono. Wako hai wote wawili. Nimesali rozari nzima, sikuruka hata fungu.

Jumapili, 19 Agosti 2001

Wageni wanalala kwa Nurbanu, yeye ana vitanda. Wanakula kwangu. Usukani wa mashua ulivunjika, Methusela anachonga mwingine. Kila akipita anautazama ukuta wangu. Hajaniuliza habari ya kaburi la Asheri. Bora angeuliza.

Imakulata amewapikia samaki wa kupaka. Yule mama anakula kwa mkono mmoja huku amefumba macho. Mzee ana bandeji kama kilemba, ameomba sahani ya tatu. Nikawatazama, nikasema hoteli ndiyo hii. Imeanza vibaya, lakini imeanza.

Edgar amekuja kwa baiskeli, rangi imemtoka. Ilibidi awaulize wageni maswali yake, kazi ni kazi. Mzee akatoa karatasi walizochapisha Unguja, picha ya nyumba yangu imo, imependeza. Je, mwongozo unaeleweka? Mzee akasema unaeleweka kabisa, hajapata kuona maelezo yaliyo wazi namna ile, waliyafuata neno kwa neno mpaka juu ya jiwe. Alama tano. Je, ni sahihi? Mzee akaigusa bandeji. Edgar akaandika bila kungoja jibu.

Uani akaniuliza, bibi, ni nani aliyekwambia upake? Nikasema wewe ulisema imeandikwa nyumba nyeupe tu. Akafikiri, akasema kweli nilisema. Akakaa juu ya kinu. Kazi ameshaipoteza, barua imekuja kwa kompyuta. Na Mkokoni imefutwa. Mahali pake wameandika msikaribie.

Nikamwekea bada. Hakuigusa. Kijana wa kwenda mwendo wote ule kwa baiskeli akaiacha bada ipoe, hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Jumanne, 21 Agosti 2001

Usukani umekwisha. Kesho alfajiri maji yakijaa wanaondoka.

Imakulata amenikuta jikoni. Amesema wageni wamemwomba afuatane nao awapikie mpaka Mombasa, na wakipatana, mbele zaidi, kuna visiwa jina lake sikulishika. Yule mama hawezi kushika sufuria kwa sababu ya mkono. Mkono huo, kama si ukuta wangu, usingevunjika.

Nikaanguka. Imakulata akasema, bibi, inuka. Hakukasirika, alisema kama unavyomwambia mtoto avae viatu. Nikainuka.

Nikamwambia baharini kuna mawimbi. Akasema na nyumbani kuna mawe, bibi. Nikamwambia ananiacha na nani. Akachota mafuta ya nazi, akaichukua mikono yangu iliyobabuka, akaipaka kidole kimoja kimoja, mpaka na kati ya vidole. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Sikukumbuka hata moja.

Jumatano, 22 Agosti 2001

Mzee wa kizungu alisema hatoki mpaka aione nyumba nyeupe mahali pake. Methusela alijitolea kumwongoza, akakataa. Watu yeye hawaamini tena, anaamini ukuta.

Nurbanu akaniamuru niupake wangu matope kwanza. Nimeupaka mwenyewe, kwa mkono, alfajiri, mpaka haukubaki mweupe hata wa kiganja. Kisha tukaenda kwake. Rangi hana. Akafungua sanduku akatoa mashuka, mapya, ya pamba nzito, aliyamwekea Aslam kwa siku atakayorudi na mke. Tukayatundika juu ya kuvu. Moja upepo wa kusi uliling'oa kila tulipolipigilia. Nurbanu akashika pembe, mimi nikashika pembe.

Anapotoka kwenye mlango wa mwamba mtu hutazama nyuma, nyumba ikae chini ya dohani mpaka apite. Mzee alikuwa kwenye usukani anatutazama sisi. Imakulata alisimama karibu naye, naye anatutazama sisi. Gauni la kanisani, begi miguuni.

Nikawaza niachie. Pembe moja tu. Shuka lirukeruke, mzee apoteze alama, mashua iguse kidogo, kidogo tu, arudi nyumbani ameloa.

Nurbanu hakunigeukia. Akasema, shika, Bibiana.

Nikashika. Walipopita mwamba tukaendelea kushika. Mashua ikawa ndogo kama punje ya mchele, ikawa si kitu, na sisi tumesimama tumeinua mikono kama watu waliokamatwa. Hakuna aliyesema tuteremshe.

Ijumaa, 24 Agosti 2001

Nyumba imekuwa kubwa. Jana nilipika mboga ya watu wawili, mkono umezoea. Nikampelekea Nurbanu iliyobaki. Nikamkuta na yeye kapika ya wawili. Tumekula yote. Amesema nazi yangu nyepesi. Nikamwambia anirudishie sahani yangu.

Leo nimekwenda mjini na gari la mkaa mpaka kwenye duka la intaneti anaposhinda Edgar. Hakunifukuza, amelelewa vizuri. Nilikuwa na jambo nimelifikiria njia nzima. Ile mashua inausoma mwongozo. Imakulata yumo ndani ya mashua. Basi chochote kitakachoandikwa mle kitamfikia popote alipo.

Nikamwambia aandike hivi. Kaskazini kote maji hakuna, samaki hakuna, pa kutia nanga hakuna. Mashua zote zirudi Mkokoni.

Edgar akasema, bibi, si kweli. Nikasema hata mfereji wetu haukuwa kweli, ukakaa humo miaka na hakuna aliyelalamika. Akasema, bibi, umevunja mashua ya watu na mkono wa mtu na kazi yangu. Nikasema ndiyo, baba, lakini wakati ule nilikuwa sijaelewa mwongozo unavyofanya kazi. Sasa nimeelewa.

Akaninunulia chai ya maziwa. Akakataa kuandika. Nikanywa chai, nikamwuliza tena. Akakataa tena.

Nikienda stendi nimeona duka jingine la intaneti, karibu na soko. Vijana wengi, wanaandika haraka, hawamtazami mtu usoni. Hakuna anayenijua pale. Nalala kwa Mama Bertha wa parokia, asubuhi nakuwa wa kwanza mlangoni pao.